Mume na Mke Wakiachana: Mambo ya Sheria na ya Mali

Harusi huandaliwa kwa miezi mingi, wala hakuna mtu kijijini asiyeijua siku yake. Wazee huitwa, mahari huhesabiwa, mashahidi huketi mbele, na maneno huandikwa kitabuni. Lakini ndoa ikivunjika, mara nyingi huvunjika usiku mmoja, pasipo shahidi, pasipo maandishi, wala pasipo hesabu. Asubuhi yake mama huonekana njiani ana bunda la nguo kichwani na mtoto mgongoni, na shamba alilolilima miaka kumi na mitano limebaki nyuma yake. Au huonekana mume barazani akilia kuwa amedaiwa deni asilolijua. Wote wawili wakiulizwa, "Mlikuwa na nini, na nani alileta nini?" hakuna awezaye kujibu.

Hatuandiki maneno haya ili kuwafundisha watu kuachana. Amfundishaye mwenzake kuzima moto hataki nyumba iungue. Twaandika kwa kuwa ndoa nyingine huvunjika hata tukiomba isiwe hivyo, na hapo asiyejua sheria hupoteza haki yake, tena huwapotezea watoto wake. Basi twawaomba wasomaji wetu, hasa viongozi wa vijiji, wazee wa mabaraza na walimu, wayasome maneno haya polepole, kisha wawasomee wale wasiojua kusoma.

1. SHERIA YENYEWE

Sheria itawalayo ndoa katika Tanzania Bara ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ilitungwa na Bunge, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Kabla yake Waislamu walikuwa na njia yao, Wakristo yao, na wafuatao mila za makabila yao. Kila mmoja alihukumiwa kwa kanuni mbali. Sheria hii ilizikusanya ndoa zote chini ya paa moja, iwe ya msikitini, ya kanisani, ya kimila, au ya mbele ya mkuu wa wilaya. Desturi na dini hazikufutwa, lakini haki za msingi za mume na mke zilifanywa kuwa zile zile.

Zanzibar sheria hii haitumiki. Huko mashauri ya ndoa za Kiislamu huenda kwa makadhi. Yatupasa kulijua jambo hili, kwa maana watu wa Bara na wa Visiwani huoana kila siku.

Tena yafaa kukumbuka habari ya wale waliokaa pamoja bila cheti. Mtu mume na mtu mke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na majirani wakawajua kuwa ni mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Hata dhana hiyo ikivunjwa, mahakama yaweza kuamuru matunzo ya mwanamke na watoto. Kwa hiyo mtu asijidanganye kusema, "Huyu si mke wangu, hatukuandikishana," akadhani amejitoa katika wajibu wote.

2. KWANZA BARAZA, KISHA MAHAKAMA

Watu wengi hudhani kuwa mwenye kutaka talaka huenda moja kwa moja kwa hakimu. Sivyo. Sheria yataka kwanza shauri lipelekwe mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Mabaraza haya huwa katika kata, na jumuiya za dini nazo zaweza kuwa na mabaraza yao yaliyokubaliwa. Kazi ya baraza ni kupatanisha. Baraza halitoi talaka, wala haligawi mali. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kuthibitisha kuwa limeshindwa, na hati hiyo ndiyo ufunguo wa mlango wa mahakama.

Ziko hali chache ambazo mtu aweza kwenda mahakamani bila hati hiyo: kama mwenziwe amemtoroka wala hajulikani alipo, kama yu nchi za nje wala hatazamiwi kurudi karibuni, kama ameitwa barazani akakataa kwa makusudi, kama amefungwa kifungo cha maisha au cha miaka 5 au zaidi, kama ana ugonjwa wa akili usioponyeka, au kama mahakama yenyewe imeona kuwa hali si ya kawaida, hata kupatanisha hakuna maana.

Wazee wa mabaraza wasilichukue jambo hili kuwa dogo. Yamekuwako mashauri yaliyokwenda mahakama moja hata nyingine kwa miaka, yakafika Mahakama ya Rufani, na huko yakafutwa tangu mwanzo wake kwa sababu hati ya baraza haikuwako au haikuwa sawa. Nauli iliyolipwa, siku zilizopotea na machozi yaliyomwagika vikawa bure. Basi baraza liketi kwa hesabu yake halali, yaani mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, liwasikie wote wawili, liandike, lipige mhuri, kisha liwape hati pasipo kuchelewa. Mjumbe aizuiaye hati kwa sababu ya udugu au ya kitu kidogo amemfungia mwenziwe mlango wa haki.

Baada ya baraza, shauri laweza kufunguliwa katika mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi, au Mahakama Kuu. Wanakijiji wengi huanza mahakama ya mwanzo, kwa kuwa ni karibu na gharama yake ni ndogo. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, mtu hawezi kuomba talaka ila kwa ruhusa ya mahakama, naye hana budi kuonyesha kuwa anateseka mno.

Mahakama huuliza swali moja kubwa: Je, ndoa hii imevunjika hata haiwezi kutengenezwa tena? Ushahidi wa hayo waweza kuwa uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, kumtelekeza mwenzio kwa muda wa miaka 3 au zaidi, kutengana kwa hiari miaka 3 au zaidi, na mambo mengine yaliyotajwa na sheria. Na hapa twataka kuwakumbusha wanaume ya kwamba sheria hiyo hiyo yasema waziwazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenziwe kwa kumwadhibu. Asemaye "nampiga kwa kuwa ni mke wangu" atoa ushahidi juu ya nafsi yake.

3. HABARI YA TALAKA YA KARATASI

Ndugu zetu Waislamu wanajua kuwa mume hutoa talaka kwa kutamka au kwa kuandika, na kwamba mke hukaa eda. Sheria ya nchi hailipuuzi jambo hili. Kama ndoa ilifungwa Kiislamu, na baraza limethibitisha kuwa halikuweza kupatanisha, na baadaye mume au mke akafanya jambo livunjalo ndoa katika sheria ya Kiislamu, mahakama itakubali kuwa ndoa imevunjika na itatoa hukumu ya talaka.

Lakini angalieni mpango wake: kwanza baraza, kisha tendo la kuvunja, kisha mahakama. Mume aandikaye karatasi kwa hasira saa nne ya usiku, akamtupia mkewe nje pamoja na sanduku lake, huenda akawa ameivunja ndoa machoni pa dini, lakini mbele ya sheria ya nchi ndoa ile haijaisha mpaka mahakama itamke. Matokeo yake ni mazito. Mwanamke yule bado ana haki zake katika nyumba, na mali haijagawanywa. Tena mume akifa kesho, ugomvi wa urithi utazaa ugomvi mwingine. Basi karatasi ile si mwisho wa shauri, bali ni mwanzo wake.

Na kwa Wakristo, kanisa laweza kuwa na msimamo wake juu ya talaka, na kila mtu ana dhamiri yake. Lakini mambo ya mali, matunzo na watoto huamuliwa na mahakama.

4. MALI IGAWANYWAYO NA ISIYOGAWANYWA

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, basi twende hatua kwa hatua.

Ndoa peke yake haifanyi mali ya mume kuwa ya mke, wala ya mke kuwa ya mume. Kila mmoja aweza kuwa na mali yake mwenyewe. Mahakama, itoapo talaka, hugawanya mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi ya pamoja. Katika kugawanya hutazama mambo manne: desturi ya jamii yao, kiasi cha mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi, madeni waliyoyachukua kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyaangalia hayo, sheria yasema mahakama ielekee usawa.

Tuutoe mfano. Tuseme mtu na mkewe wameishi katika ndoa miaka 15. Alipooa, mume alikuwa amerithi kwa baba yake eka 2 za pori. Yeye na mkewe wakafyeka, wakapanda kahawa. Baadaye wakanunua eka 3 nyingine, zikaandikwa jina la mume. Wakajenga nyumba ya bati. Zizini mna ng'ombe 6, lakini 2 kati yao ni wa shemeji, waliwekwa tu kwa kulishwa. Ndani mna cherehani ambayo mume alimpa mkewe zawadi mwaka alipozaliwa mtoto wa kwanza. Wana deni la shilingi 900,000 la chama cha akiba na mikopo, walilolichukua kununua bati. Tena mume ana deni la shilingi 400,000 kilabuni, la pombe.

Sasa tuhesabu. Ng'ombe 2 wa shemeji watoke. Si mali yao. Cherehani nayo itoke, maana zawadi aliyopewa mke na mumewe hudhaniwa kuwa ni yake kabisa. Eka 3 ziingie, ijapokuwa zimeandikwa jina la mume. Jina peke yake huleta dhana kuwa mali ni ya mwenye jina, lakini dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi wa juhudi ya pamoja. Nyumba iingie, na ng'ombe 4 waingie. Na zile eka 2 za urithi? Zilikuwa za mume kabla ya ndoa. Lakini sheria yasema mali ya mmoja iliyokuwako kabla, ikiwa imeendelezwa sana wakati wa ndoa na mwenziwe au na wote wawili, huhesabiwa pamoja. Pori limegeuka kuwa shamba la kahawa kwa jembe la wawili. Kwa hiyo nazo ziingie.

Tuseme thamani yake ni hii: eka 3, shilingi 6,000,000, eka 2 za kahawa, shilingi 4,000,000, nyumba, shilingi 8,000,000, ng'ombe 4, shilingi 2,800,000. Jumla ni shilingi 20,800,000. Tuondoe deni la bati, shilingi 900,000, kwa kuwa lilichukuliwa kwa faida ya wote. Zabaki shilingi 19,900,000. Deni la pombe halimo. Aliyekunywa na alipe. Hizo shilingi 19,900,000 ndizo zitakazotazamwa na mahakama. Sheria haisemi kila mmoja atachukua nusu kamili. Yasema mchango upimwe kwa ushahidi, kisha mizani ielekee usawa. Asiyeleta ushahidi huenda akaondoka na kidogo, hata kama alifanya kazi nyingi.

Wenye wake wengi waangalie zaidi. Mbele ya sheria wake wote wana cheo kimoja. Hakuna mkubwa wala mdogo katika haki. Lakini mchango wa kila mmoja hupimwa peke yake. Shamba lililofyekwa na mke wa kwanza kabla mke wa pili hajaja halipaswi kuchanganywa na duka lililoanzishwa na wa pili. Mume mwenye busara huandika tangu mwanzo kipi kilipatikana na nani.

5. KAZI YA NYUMBANI NI MCHANGO

Kwa miaka mingi baada ya 1971 waamuzi hawakuwa na neno moja. Wengine walisema mke asiyeleta fedha hana mchango. Kupika, kulea na kutunza nyumba ni wajibu wake tu wa ndoa. Wengine wakasema sivyo; mume awezaje kupata mali kama hana amtunziaye nyumba na watoto?

Ugomvi huo ulikatwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, katika shauri lililotolewa hukumu na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilisema kuwa maneno "juhudi ya pamoja" na "kazi" yaliyomo katika sheria huingia hata kazi za nyumbani za mke. Tangu siku ile hakuna awezaye kusimama mbele ya hakimu akasema, "Mke wangu alikaa tu nyumbani," akadhani amemaliza.

Lakini shauri lile lina fundisho la pili, ambalo watu hulisahau. Mwanamke aliyelileta hakupata mgawo. Ilionekana kuwa mumewe alimpa fedha aanzishe biashara ya jamaa yao, naye akazitapanya. Mahakama iliikubali haki ya wanawake wote, lakini ikampima na yeye kwa matendo yake. Twajifunza kuwa sheria haimpendelei mwanamke wala mwanamume. Atumiaye vibaya fedha ya nyumba, awe nani, atahesabiwa.

Majirani zetu wa Kenya nao wana Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013, ambayo yataja waziwazi kuwa kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shambani ni mchango. Na Mahakama ya Juu ya Kenya, mwezi wa Januari 2023, ilisema kuwa usawa wa mume na mke si kusema mali ikatwe nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Tazameni jinsi nchi mbili zilivyofika mahali pamoja: kazi ya mama yahesabiwa, lakini na ithibitishwe.

6. NYUMBA NA SHAMBA VISIUZWE KWA SIRI

Mara nyingi mume aonapo kuwa shauri linakuja, huiuza nyumba kwa haraka au humwandikia ndugu yake shamba. Sheria imelikataza jambo hili. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, maadamu ndoa ingaliko. Na huo ni mkono wa haki kwa pande zote. Hata mke mwenye nyumba hawezi kuiuza bila mumewe.

Tena Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zasema kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Shamba likiandikwa jina la mmoja, na mwenziwe amelitia kazi yake katika kulilima na kulitunza, naye huhesabiwa kuwa ana fungu katika shamba lile.

Basi mwanamke au mwanamume asikiaye kuwa nyumba yake inatafutiwa mnunuzi asingoje. Na aandike barua kwa halmashauri ya kijiji na kwa afisa ardhi, aweke zuio, kisha aende mahakamani. Na mnunuzi naye asiseme "mimi nimelipa fedha yangu." Kabla hajalipa na aulize, "Mwenzio yuko wapi? Ametia sahihi?" Mwenyekiti wa kijiji atiaye mhuri katika mauzo ya nyumba ya ndoa bila kumwita mwenzi wa pili ajue kuwa amejiletea kesi, na amewaletea watoto wa watu taabu.

7. MATUNZO NA MAHARI

Ndoa ikiwa ingaliko, mume ana wajibu wa kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na nyumba, kwa kadiri ya uwezo wake. Na mke mwenye uwezo ana wajibu kwa mumewe aliye mgonjwa asiyeweza kufanya kazi. Baada ya talaka, mahakama yaweza kuamuru matunzo ikiona sababu maalumu. Matunzo hayo hukoma aolewapo tena. Kwa Waislamu, matunzo ya eda nayo hutazamwa.

Habari ya mahari huleta maneno mengi. Ndoa haiwi batili kwa sababu mahari haikumalizika. Katika uislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, na iliyobaki ni deni juu ya mume. Katika mila nyingine ng'ombe hudaiwa warudishwe. Lakini hayo ni madai baina ya jamaa mbili, nayo yasichanganywe na mgawo wa mali ya mume na mke. Baba asimrudishe binti yake katika nyumba ya mapigo kwa kuogopa kutoa ng'ombe. Uhai wa mtoto haulipwi kwa zizi.

8. WATOTO

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika shauri la kuachana watoto ndio nyasi. Sheria yasema kuwa jambo la kwanza la kutazama ni heri ya mtoto. Haisemi "mtoto ni wa ukoo wa baba," wala "mtoto ni wa mama." Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama yake, lakini dhana hiyo yaweza kuvunjwa kwa sababu nzuri. Mtoto aliye mkubwa kiasi cha kutoa maoni yake huulizwa. Tena mahakama hutazama madhara ya kumhamisha mtoto mahali alipozoea, na kumtoa katika shule yake.

Aliyenyimwa kukaa na mtoto hakunyimwa kuwa mzazi. Baba ana wajibu wa kumlisha, kumvika na kumsomesha mtoto wake, hata akiwa anakaa kwa mama yake. Mama naye asimfiche mtoto ili kumkomoa baba. Fedha ya matunzo ya mtoto si fedha ya mke aliyeachwa. Ni ya mtoto, wala haikatizwi kwa sababu mama ameolewa na mwingine.

9. MALI BILA DAFTARI

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maneno haya yangeandikwa juu ya mlango wa kila nyumba. Kila mtu na mkewe, hata wapendanao sana, na wawe na daftari moja. Humo waandike tarehe ya kununua kila kitu, bei yake, na fedha ilitoka wapi: mavuno, mshahara, biashara ya maandazi, au mkopo. Wahifadhi stakabadhi, kitabu cha VICOBA, hati ya kimila ya shamba, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Fedha itumwayo kwa simu huacha kumbukumbu, zisifutwe. Na wakinunua ardhi, waandike majina yote mawili. Mali yenye majina mawili hudhaniwa kuwa ni yao kwa sehemu sawa, nayo yazuia maneno mengi.

Kama ugomvi umekwisha kuanza, mtu asitie sahihi karatasi asiyoielewa, hata kama imeletwa na mzee wa ukoo. Asichukue mkopo mpya kwa jina la nyumba. Asichome wala kuficha hati. Na asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao humsaidia mtu asiye na uwezo bila malipo. Aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Hukumu ikitoka na mtu asiporidhika, aulize siku ile ile muda wa kukata rufani, maana una kikomo, na aliyechelewa huanza tena kwa kuomba radhi.

10. NENO LA MWISHO

Twajua kuwa wako watakaosema, "Gazeti lafundisha wanawake ukaidi." Hatufundishi hivyo. Mwanamume ajuaye kuwa hawezi kumfukuza mkewe mikono mitupu hufikiri mara mbili kabla ya kumfukuza. Mwanamke ajuaye kuwa ubadhirifu wake utahesabiwa huitunza fedha ya nyumba. Hivyo sheria ijulikanayo huzilinda ndoa kuliko sheria iliyofichwa. Na zile zitakazovunjika hata hivyo, zivunjike kwa hesabu na kwa heshima, ili siku ya harusi ya mtoto wao baba na mama waweze kuketi chini ya mwembe mmoja bila kugeuziana migongo.

Maswali ya kujipima, ambayo mwalimu aweza kuyauliza katika darasa la watu wazima:

1. Kwa nini hati ya baraza ni ya lazima, na ni hali gani zisizoihitaji?
2. Mume ametoa talaka ya karatasi bila kwenda barazani. Eleza hali ya ndoa ile mbele ya sheria ya nchi.
3. Katika mfano wetu, kwa nini eka 2 za urithi ziliingia katika hesabu, na cherehani ikatolewa?
4. Mahakama ya Rufani iliamua nini mwaka 1983, na yule mwanamke alikosa mgawo kwa sababu gani?
5. Wewe ni mwenyekiti wa kijiji. Mtu amekuletea mnunuzi wa nyumba yake, na mkewe hayupo. Utafanya nini?